Uasilia Kabla ya Zola: Wachoraji wa Mandhari wa Ufaransa na Nakshi ya Asidi katika Karne ya 19

Utangulizi

Kila mwaka, mwanafunzi wa nadharia za fasihi anapofika kwenye mada ya uasilia, hukutana na jina moja kabla ya mengine yote: Émile Zola. Huelezwa kwamba uasilia ni mkondo uliochipuka Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, kwamba ni mtoto wa uhalisia, na kwamba lengo lake lilikuwa kuyaonyesha maisha kama yalivyo bila kuyapamba. Mwanafunzi huandika maelezo hayo daftarini, huyarudia katika mtihani na hupata alama zake. Hatusemi kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Tunachosema ni kwamba yanaanzia katikati ya safari. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika kwa picha kabla Zola hajalifanya bendera ya riwaya. Miongoni mwa picha hizo zimo zile ndogo, nyingine zikiwa na ukubwa wa kiganja tu, zilizochorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba: mti mmoja, kidimbwi, njia ya shamba, ukingo wa mto.

Katika makala haya tunakusudia kusimulia kwa ufupi historia ya picha hizo, kisha tuonyeshe jinsi inavyomhusu mwalimu wa Kiswahili. Wengi wa wanafunzi wetu katika nchi hizi husoma Kifaransa na Kiswahili bega kwa bega, lakini mambo ya lugha hizo mbili hukaa katika madaftari mawili yasiyosalimiana. Dai letu ni kwamba uasilia, ukitazamwa pale ulipoanza, haukuwa kunakili mazingira. Ulikuwa uamuzi juu ya kitu gani kinastahili kutazamwa, na juu ya mkono wa nani unaruhusiwa kuonekana katika kazi.

Nakshi ya asidi ni nini?

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kueleza istilahi tutakayoitumia. Wafaransa huiita mbinu hii eau-forte, yaani "maji makali". Hayo maji makali si ya kunywa, ni asidi. Kwa kuwa Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mbinu hii, hapa tutaiita nakshi ya asidi.

Mchoraji huchukua bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa, akalipaka tabaka jembamba la mchanganyiko wa nta na lami. Tabaka likikauka, huchora juu yake kwa sindano. Sindano haichongi shaba. Inakwangua nta tu, na kila inapopita shaba hubaki wazi. Kisha bamba hutiwa katika asidi. Penye nta asidi haifiki. Penye mstari inaila shaba na kuacha mfereji mdogo. Baada ya hapo nta huondolewa, bamba hupakwa wino, uso wake hufutwa, na wino hubaki mferejini. Karatasi yenye unyevu huwekwa juu, vyote viwili hupitishwa katika mtambo wenye nguvu, na wino huhamia kwenye karatasi. Picha hutoka imegeuka, kilichokuwa kushoto kikiwa kulia, kama uso katika kioo.

Jambo moja katika utaratibu huu lina umuhimu wa pekee kwa picha za mandhari, nalo ni muda. Kadiri bamba linavyokaa ndani ya asidi, ndivyo mistari inavyozidi kuwa mizito. Mchoraji huweza kulitoa bamba baada ya dakika chache, akafunika kwa vanishi mistari ya vilima vya mbali ili isiliwe zaidi, akalirudisha ili miti ya karibu iendelee kukolea. Kwa hiyo umbali unaouona katika picha hiyo umepimwa kwa saa: kilicho mbali ni kile kilichokaa muda mfupi katika asidi.

Tofauti na uchongaji wa patasi ndogo ya chuma, ambao mtu alijifunza kwa miaka mingi chini ya fundi, nakshi ya asidi haikudai nguvu ya kiganja wala mafunzo marefu. Yeyote aliyezoea kushika kalamu aliweza kushika sindano. Patasi ilitoa mistari iliyopangika, inayofanana toka fundi mmoja hadi mwingine, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha upya picha za rangi za mabingwa. Sindano ilitoa mistari yenye tabia ya mwenyewe, kama mwandiko.

Mandhari chini ya urasimi

Katika chuo cha sanaa cha Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, picha ziligawanywa kwa madaraja. Juu kabisa zilikaa picha za historia: wafalme, miungu ya Wayunani, mashujaa wa Biblia. Mandhari ilikaa chini. Ili ipandishwe hadhi, ilibidi ibebe kisa. Mchoraji Pierre-Henri de Valenciennes, katika kitabu chake cha mafunzo kilichotoka mwanzoni mwa karne hiyo, alitetea mandhari ya aina hiyo, ingawa yeye mwenyewe aliwahimiza wanafunzi watoke nje wakatazame mawingu na mwanga. Mwaka 1817 yalianza mashindano maalumu ya mandhari ya kihistoria, na mshindi alipelekwa Roma kusoma.

Tuangalie maana ya jambo hilo. Kijana wa Kifaransa aliyetaka kuwa mchoraji bora wa mandhari alitakiwa kuyapa kisogo mashamba ya kwao, aende kuchora magofu ya Italia. Mti wa kijijini kwake haukuwa na hadhi hadi uwekewe chini yake mungu wa Kiyunani aliyepumzika. Huu ndio urasimi tunaoufundisha katika fasihi, ukiwa umevaa nguo za wachoraji. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anayekumbuka mijadala kuhusu nini ni shairi na nini si shairi hatapata shida kuielewa hali hiyo.

Barbizon

Yapata kilomita 60 kusini-mashariki ya Paris upo msitu wa Fontainebleau, wenye ukubwa wa takriban hekta 17,000. Ukingoni mwake kipo kijiji cha Barbizon. Kuanzia miaka ya 1820 na 1830, wachoraji vijana walianza kufika huko, wakilala katika nyumba ya wageni ya familia ya Ganne na kushinda msituni. Théodore Rousseau, aliyezaliwa mwaka 1812, alifika na hatimaye akahamia. Picha zake zilikataliwa mara kwa mara katika maonyesho rasmi ya Paris, hata akapachikwa jina la "mkataliwa mkuu". Mwaka 1849, mji wa Paris ukiwa bado haujatulia baada ya mapinduzi ya mwaka uliotangulia, na kipindupindu kikiwa kimeingia, Jean-François Millet na Charles Jacque walihamishia familia zao Barbizon.

Waswahili husema penye miti hapana wajenzi. Barbizon ilikuwa kinyume: penye miti walifika wajenzi wengi, kila mmoja na sanduku lake la rangi. Lakini si wote waliotegemea rangi peke yake. Paul Huet alikuwa amekwisha kutoa mkusanyo wa nakshi sita za asidi mwaka 1835, zikionyesha miti na maji kwa hisia za ulimbwende: upepo, mafuriko, giza. Eugène Bléry alichora mimea na magugu kwa subira ya mtaalamu wa mitishamba. Jacque, ambaye ujanani alifanya kazi kwa mchongaji wa ramani, alitoa mamia ya mabamba madogo ya mazizi, kondoo, nguruwe na nyumba za wakulima. Yeye hakuwa mtazamaji wa kupita tu. Alifuga kuku kwa bidii, na mwaka 1858 alichapisha kitabu kizima juu ya ufugaji huo.

Wote hawa walikuwa na mwalimu wa mbali: Waholanzi wa karne ya 17. Rembrandt alikuwa ametoa nakshi yake ya miti mitatu mwaka 1643, na Jacob van Ruisdael alikuwa amechora vichaka na njia za mchanga bila kuomba ruhusa kwa mungu yeyote wa Kiyunani. Kwa hiyo uasilia haukutoka porini moja kwa moja. Ulipitia kwenye picha za watu wengine. Kama vile mshairi anavyojifunza mizani kutoka kwa waliomtangulia kabla hajaiona bahari kwa macho yake, ndivyo wachoraji hawa walivyojifunza kuuona mti.

Millet alitoa nakshi chache zisizofika hata robo ya zile za Jacque, lakini zenye uzito. Mnamo mwaka 1855 na 1856 alitengeneza nakshi ya wanawake waokota masazo shambani, kabla ya picha yake maarufu ya rangi ya mwaka 1857 yenye kisa hicho hicho. Katika mandhari ya Millet ardhi si pambo la nyuma. Ni kitu kinachoinamisha migongo ya watu.

Mashua ya Daubigny

Mtu aliyeifikisha mbali zaidi nakshi ya mandhari katika kizazi hicho ni Charles-François Daubigny, aliyezaliwa mwaka 1817. Aliijua kazi ya bamba tangu ujanani, kwa kuwa alijipatia riziki kwa kuchora picha za vitabu. Serikali pia ilimpa kazi ya kutengeneza nakshi zinazofuata picha za Ruisdael kwa ajili ya hazina ya mabamba ya Louvre. Mwaka 1857 alijipatia mashua, akaijengea kibanda, akaiita Botin, na kuanza kusafiri nayo katika mito ya Seine na Oise pamoja na mwanawe Karl. Mashua ikawa nyumba, ikawa na karakana.

Kutokana na safari hizo alitoa mwaka 1862 mkusanyo wa nakshi unaoitwa "Safari ya Mashua". Ndani yake hamna magofu wala mashujaa. Mna kijana akiikokota mashua kwa kamba. Mna watu wakitafuta nyumba ya kulala usiku. Mna stima zinazopita na kuitikisa mashua ndogo, na wenyewe wakihadhari. Mna mzaha pia: samaki wakishangilia kwa sababu kijana wa mashua anaondoka. Katika picha mojawapo tunamwona mchoraji kwa mgongo, ameketi ndani ya kibanda, akichora kinachoonekana kupitia uwazi wa mbele. Na humo ndani Daubigny ameandika neno réalisme, yaani uhalisia.

Tunaomba msomaji aitafakari picha hiyo. Daubigny hakuuonyesha mto peke yake. Alimwonyesha pia mtu anayeutazama mto, mahali anapokaa, na dirisha analotazamia. Huyu ni mchoraji aliyetambua kwamba hakuna mandhari isiyokuwa na mtazamaji, na kwamba kila mtazamaji yumo ndani ya mashua yake. Katika masomo ya riwaya tunaliita jambo hilo mtazamo wa msimulizi. Daubigny alilisema kwa sindano.

Mwaka wa 1862

Mwaka huo huo wa 1862 mchapishaji Alfred Cadart, pamoja na wachoraji kama Félix Bracquemond na mpigachapa Auguste Delâtre, walianzisha Chama cha Wachoraji wa Nakshi ya Asidi. Kila mwezi chama kilitoa nakshi tano kwa wanachama waliolipia, na kiliendelea hadi mwaka 1867, kikiwa kimetoa karibu nakshi 300. Mandhari ilikuwa na sehemu kubwa humo. Daubigny na Jacque walishiriki, naye Corot, ambaye tayari alikuwa mzee anayeheshimiwa, akawamo. Mshairi Charles Baudelaire aliandika kuunga mkono ufufuo huo. Mwaka 1866 Maxime Lalanne, mchoraji hodari wa mandhari, alitoa kitabu cha kufundishia mbinu hii hatua kwa hatua, na mwaka 1880 kitabu hicho kikatokea kwa Kiingereza huko Marekani.

Mafanikio hayo yalikuwa na sababu za kiufundi na za kibiashara. Shaba ni laini, na mistari yake huchakaa baada ya kuchapa nakala nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1850 ilianza kutumika mbinu ya kulifunika bamba kwa tabaka jembamba la chuma kwa nguvu ya umeme, na idadi ya nakala nzuri ikaongezeka sana. Majarida nayo yalihitaji picha. Gazette des Beaux-Arts, lililoanza mwaka 1859, liliweka nakshi za asidi ndani ya kurasa zake, na mwaka 1861 lilitoa nakshi ya Rousseau ya mialoni iliyoota katikati ya majabali. Kwa njia hiyo mti wa Fontainebleau uliingia katika nyumba ya mwalimu, wakili au mfanyabiashara ambaye asingeweza kamwe kununua picha ya rangi.

Kamera na mkono wa mtu

Hapa linazuka swali ambalo mwanafunzi makini hawezi kuliepuka. Upigaji picha kwa kamera ulitangazwa Ufaransa mwaka 1839. Gustave Le Gray aliupiga picha msitu wa Fontainebleau kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840. Kama uasilia ni kuonyesha vitu kama vilivyo, kwa nini basi nakshi ya asidi ilifufuka wakati kamera ilikuwa tayari inafanya kazi hiyo kwa haraka zaidi?

Jibu walilitoa wenyewe. Théophile Gautier, katika utangulizi alioandika mwaka 1863 kwa ajili ya nakshi za chama cha Cadart, aliipinga waziwazi kamera na kuisifu nakshi kwa sababu inabeba alama ya mtu aliyeichora. Kwa maneno mengine, waliotaka ukweli wa mazingira hawakuutaka ule usiokuwa na shahidi. Walitaka mti, pamoja na ushahidi kwamba fulani aliuona.

Hata hivyo tusidhani kwamba kambi hizo mbili ziligombana kila siku. Mnamo mwaka 1853, katika mji wa Arras, Corot alifundishwa mbinu iliyounganisha zote mbili: mtu anachora kwa sindano juu ya kioo kilichofunikwa kwa rangi, kisha kioo kinawekwa juu ya karatasi inayoathiriwa na mwanga, na jua ndilo linalochapa. Corot aliipenda mbinu hiyo na kutoa kwa njia hiyo picha nyingi kuliko nakshi zake za asidi. Mpigapicha Eugène Cuvelier, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliomfundisha Corot, alimwoa binti wa nyumba ya wageni ya Ganne mwaka 1859 na kuzidi kuieneza mbinu hiyo huko Barbizon.

Mpigachapa naye alikuwa na neno lake. Delâtre hakulifuta bamba likawa safi kabisa; aliacha utando wa wino hapa na pale ili anga liwe zito au maji yawe na giza. Ludovic Lepic akapita mpaka. Alichukua bamba moja la ukingo wa mto Escaut na kulichapa kwa namna 85, akibadilisha wino tu: mara mvua, mara mbalamwezi, mara theluji. Mistari ya shaba ilikuwa ile ile. Hali ya hewa ilikuwa mikononi mwa aliyepaka wino. Camille Pissarro, akishirikiana na Edgar Degas na Mary Cassatt, alilifuata jambo hilo kwa njia nyingine mwaka 1879: alilirudia bamba moja la nyumba nyuma ya miti hatua baada ya hatua, na katika maonyesho ya mwaka 1880 akaziweka nakala nne za hatua hizo pamoja katika fremu moja. Hakusema ni ipi iliyo ya kweli. Zote nne zilikuwa za kweli.

Kilichoachwa nje

Tungekuwa tunawapendelea wachoraji hawa kama tungeishia kwenye sifa. Tukiutazama msitu wenyewe, tunaona mambo ambayo hayaonekani sana katika nakshi zao. Mawe ya kutandika barabara za Paris yalichimbwa katika msitu huo. Reli ilifika Fontainebleau mwaka 1849 na kuleta watalii. Claude-François Denecourt, askari mstaafu wa jeshi la Napoléon, alikuwa akichora alama za njia tangu miaka ya 1840, akaandika vitabu vya kuwaongoza wageni, na kuyapa majina miti na majabali. Serikali ilipanda misonobari kwa ajili ya mbao. Nyika tunayoiona katika picha ilikuwa, kwa hakika, mahali penye kazi, biashara na wapita njia. Wachoraji walichagua pa kukaa, na mara nyingi walichagua kuyapa mgongo mashimo ya mawe.

Uchaguzi huo ulikuwa na matokeo. Mwaka 1852 Rousseau alipeleka maombi kwa serikali akitaka miti mikongwe iachwe. Mwaka 1853 zaidi ya hekta 600 zilisamehewa ukataji. Kisha tarehe 13 Agosti 1861, kwa amri ya Napoléon III, hekta 1,097 zilitengwa rasmi kwa sababu ya thamani yake kwa sanaa. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya Marekani kuanzisha hifadhi ya Yellowstone. Na mwaka 1948, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, linalojulikana leo kwa jina la IUCN, liliasisiwa katika mji huo huo wa Fontainebleau. Ni mara chache tunaweza kuonyesha kwamba kikundi cha wachoraji kilizuia shoka. Hapa tunaweza.

Lakini upo upande wa pili. Sheria ya misitu ya mwaka 1827 ilikuwa imezibana haki za wanavijiji wa Ufaransa katika misitu ya serikali, zikiwemo za kuokota kuni na kulisha mifugo. Msitu uliolindwa kwa ajili ya macho ya wageni haukuwa lazima msitu uliolindwa kwa ajili ya jiko la mwenyeji. Millet, mtoto wa mkulima, alilijua hilo, ndiyo maana watu wake wamebeba mizigo. Tunadhani mwanafunzi wa eneo letu la maziwa makuu, anayeishi jirani na hifadhi, atalielewa swali hili upesi kuliko wengi: uzuri wa nani, na kuni za nani?

Kutoka bamba hadi riwaya

Sasa turudi kwenye neno lenyewe. Mwaka 1863 mhakiki Jules-Antoine Castagnary, akiandika juu ya maonyesho ya Paris, aliwataja wachoraji waliokuwa wakigeukia mazingira na maisha ya wakati wao kuwa ni shule ya uasilia. Hakuwa wa kwanza kulitumia neno hilo, lakini ndiye aliyelifanya jina la kundi. Mwaka huo huo mashindano ya mandhari ya kihistoria yaliyoanzishwa mwaka 1817 yalifutwa.

Zola wakati huo alikuwa kijana wa miaka 23. Alikuwa amesoma shule moja na Paul Cézanne huko Aix, na alipohamia Paris alizungukwa na wachoraji. Kuanzia mwaka 1866 aliandika uhakiki wa maonyesho ya picha. Mwaka 1868, katika mfululizo wa makala zake za uhakiki, moja aliyomzungumzia Pissarro aliipa kichwa "Waasilia". Mwaka huo huo ulitoka utangulizi wake wa toleo la pili la riwaya ya Thérèse Raquin, ambamo alijihesabu kuwa mmoja wa kundi la waandishi wa kiasilia. Kitabu chake cha nadharia juu ya riwaya ya majaribio kilitoka mwaka 1880, yaani mwaka ule ule ambao Pissarro aliweka hatua nne za bamba moja katika fremu moja.

Hatudai kwamba uasilia wa Zola na ule wa Daubigny ni kitu kimoja. Zola aliongeza sayansi ya urithi wa damu, mazingira ya kijamii, migodi na vilabu vya pombe. Uasilia wake unamkandamiza mhusika. Ule wa wachoraji unamwacha apumue. Lakini vinashiriki msingi mmoja: kitu kidogo, cha kawaida, kisichokuwa na kisa cha kishujaa, kinastahili kuangaliwa kwa makini. Tena msanii ana wajibu wa kufika mahali penyewe. Zola alishuka katika mgodi wa makaa ya mawe mwaka 1884 kabla ya kuandika riwaya yake ya Germinal. Daubigny alikuwa amelala ndani ya mashua miaka mingi kabla yake.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. Kwanza, tunapofundisha uasilia, tusitosheke na maelezo kwamba ni kuonyesha maisha kama yalivyo. Mwanafunzi aulizwe: yalivyo mbele ya nani? Ameketi wapi? Amekipa mgongo kitu gani? Maswali hayo matatu yanafaa kwa nakshi ya Daubigny, na yanafaa vilevile kwa riwaya yoyote ya Kiswahili inayosemwa kuwa ya kihalisia.

Pili, tutilie maanani majina. Katika msitu wa Fontainebleau ulikuwapo mwaloni mmoja uliojulikana kwa jina la mchoraji Karl Bodmer, aliyekuwa pia mtengenezaji wa nakshi. Claude Monet aliuchora kwa rangi mwaka 1865, na jina hilo limebaki na picha hiyo hadi leo. Mti wenye jina ni vigumu kuukata kimyakimya. Lugha zetu zina mvule, mkuyu, msufi, mninga na mpingo, lakini katika insha nyingi za wanafunzi tunazosahihisha yote hiyo huitwa "mti", na kijito chochote huitwa "mto". Zoezi la dakika 30, la kumpeleka mwanafunzi nje na kumtaka aandike aya moja juu ya mti mmoja alioukaribia, kwa jina lake, gome lake na walio chini yake, litamfundisha uasilia zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo ya kukariri. Zoezi hilo halihitaji shaba wala asidi. Linahitaji kalamu tu, ambayo Wafaransa wale waliitafutia mwenzake katika sindano.